Kisulisuli Kilichotulia

Jichotulivu lilizama ndani ya kisulisuli kama inzi kwenye uji, likatokea upande wa pili bila mkwaruzo. Kamera hiyo irukayo, ndogo kama limau, ilikuwa kazi ya Mhandisi Ng'washi Maduhu. Upepo uliokuwa ukiing'oa migunga ya mbuga ya Wembere haukuibabaisha. Ilijigeuza, ikajirekebisha, ikakiweka kisulisuli katikati ya picha, wima na kimya. Nchi nzima iliacha chakula kipoe ikitazama.

“Nani kama wewe?” alisema dereva wake Kitundu. Alikuwa ameegesha gari-elea lao uwandani, macho kayakaza kwenye kioo cha picha. “Wenzetu wanakipiga picha kinakimbia ovyo. Wewe umekifunga kamba!”

“Sifa baadaye. Kinaelekea wapi?”

“Hakiendi popote. Si unaona kimetulia?”

Ng'washi akacheka. Alijiamini, na alikuwa na haki. Tangu hali ya hewa igeuke na visulisuli vianze kuja kila masika, hakuna aliyevikaribia kama yeye. Jambo moja tu hawakulizungumza garini: Gunda, mdogo wake Kitundu, aliyeuawa na kisulisuli humu mbugani masika yaliyopita. Kilimkuta amesimama, hakujaribu hata kukimbia. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema zuzu. Kitundu aliona aibu, akanyamaza.

Ng'washi alishusha dirisha apate hewa, akatazama nje kwa macho yake mwenyewe. Mbele yao palikuwa na mnara wa maji, na kisulisuli kilikuwa nyuma yake kabisa. Alikitazama kwa muda. Hakikusogea kushoto wala kulia. Kilinenepa tu.

Wawindaji wa visulisuli hufundishwa jambo hili siku ya kwanza: kikienda pembeni, kinakupita, kikitulia huku kinakua, kinakujia wewe.

“Kitundu, ondoa gari! Kata kulia!”

“Na picha je?”

“Achana na picha! Kinatujia!”

Gari-elea likachomoka. Hapo ndipo Ng'washi alipouelewa uhodari wa mashine yake. Jichotulivu lilifuta mwendo wote. Kila aliyeitazama picha aliona kisulisuli kilichotulia, hata kama kilikuwa kinamjia yeye. Na nyuma ya pale walipoegesha, kwenye njia ileile ya upepo, Luhende, mdogo wake Ng'washi, alikuwa akichunga ng'ombe wa mama yao. Hakuwahi kukosa matangazo ya dada yake, akiyatazama kwenye simu.

Akampigia. Simu ikaita mara moja, ikakatwa.

“Amenikatia!”

“Hataki umharibie picha,” alisema Kitundu, na sura yake ikabadilika.

Ng'washi akalizima jichotulivu. Vioo vya nchi nzima vikawa vyeusi. Redio ya kituo cha matangazo ikafoka, “Mhandisi, umefanya nini? Rudisha!” Akaizima redio. Kazi ya miaka mingi ikamezwa na vumbi, wala hakugeuka kuitazama.

Simu ikalia.

“Dada, picha imekata, nikainua kichwa... Mama yangu! Hiki hapa!”

“Waache ng'ombe! Kimbia pembeni, Luhende, pembeni!”

Alisikia miguu ikikimbia, kisha kishindo, kisha kimya. Halafu mtu akakohoa.

“Nipo mtaroni. Ng'ombe wamekwisha, dada.”

“Waishe! Wewe upo,” akasema Ng'washi, akaangua kilio.

Kitundu alikuwa amesimamisha gari. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

“Masika yaliyopita,” akasema, “kile kisulisuli tulikipiga picha kwa jicho hilihili?”

“Ndiyo.”

“Gunda walimkuta na simu mkononi. Siku zote nilidhani alitaka kunipigia.”

Ng'washi akamshika bega. Kitundu alijifuta uso kwa mkono wa shati.

“Kumbe mdogo wangu hakuwa zuzu,” akasema. “Alikuwa anatazama kazi ya kaka yake.”