Sentensi Aliyoikata Adrian

Siku ya kwanza kuonana, Maxine Oldroyd alitamani kumchapa Adrian Thwaite kwa samaki aina ya kibua. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, soko la samaki la mji wa Doncaster limefurika, watu wanasukumana na vikapu, barafu inayeyukia miguuni. Na huyu bwana, koti la kijivu limemkaa vizuri mabegani, skafu ya kijani, viatu vinang'aa, amesimama mbele ya meza yake dakika tano nzima bila kununua kitu. Anasoma ubao.

"Kaka, hapa si maktaba," Maxine akamwambia. "Unanunua au unazuia?"

"Huu ubao kaandika nani?"

"Mimi. Una shida nao?"

"Umeandika hivi: wakiwa wamevuliwa alfajiri ya leo, wateja wetu hupata samaki wabichi kuliko wote mjini." Akageuka akawatazama akina mama waliopanga foleni. "Kwa hiyo waliovuliwa ni hawa."

Mama mmoja wa mbele alicheka mpaka akakohoa. Maxine hakucheka. Yuko macho tangu saa tisa usiku, aproni imelowa, nywele zake nyekundu kazifunga na kitambaa cha bluu, vidole havina hisia kwa baridi, na sasa anafundishwa kuandika na mtu aliyeamka saa tatu akanywa kahawa. Akamrushia chaki.

"Haya, mwalimu. Rekebisha."

Akarekebisha kweli. Alifuta ubao na mkono wa lile koti zuri, akaandika sentensi mbili fupi, kila moja imesimama kwa miguu yake, unaisoma hata ukiwa unapita. Siku hiyo samaki waliisha saa saba. Hilo Maxine hakumwambia mpaka mwezi wa tatu wa mapenzi yao.

Maana walipendana, kwa nini nifiche. Adrian alikuwa mhariri msanifu wa gazeti la mji. Kazi yake, tangu ana miaka ishirini na mbili, ilikuwa kuchukua maandishi ya wenzake na kuyanyoosha. Sentensi iliyoinama anaisimamisha, iliyorefuka anaikata, iliyoelemewa upande mmoja anaisawazisha. Yeye mwenyewe hajawahi kuandika habari hata moja. Hata ujumbe wa simu ulimtoa jasho.

"Unaandika nini muda wote huo?" Maxine alimpigia siku moja mchana. "Naona vinukta vinacheza dakika kumi."

"Nataka kukwambia nimekukumbuka."

"Sasa hilo nalo lina urefu gani?"

"Nilikuwa nalipima, mpenzi."

"Wewe endelea kupima, mie chipsi zangu zinapoa."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi. Maxine alimtania, akamwita fundi koma, naye Adrian akawa anakuja kila Jumapili kula chakula cha mchana nyumbani kwa akina Maxine, kwenye ile nyumba ya matofali mekundu alimokaa na mama yake, Brenda.

Brenda alianza kuugua mwezi wa nane, akafariki mwezi wa nne. Miezi minane. Na kwa miezi minane hiyo Maxine alikuwa anatoka kwenda sokoni kabla hakujapambazuka, na aliyebaki na mgonjwa alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Doreen Hepworth, mjane wa miaka sabini na mbili mwenye goti bovu. Doreen ndiye aliyemwogesha. Ndiye aliyemlisha supu kijiko kwa kijiko, akamwaga mabeseni, akapigwa hata makofi siku zile maumivu yalipozidi. Hakuna aliyemtuma.

Wiki ya mwisho Brenda alimshika binti yake mkono. "Siku ya kuniaga umtaje Doreen," alisema. "Mbele ya watu wote. Isiwe jirani, jirani. Nina majirani kibao mimi."

"Nitamtaja, mama."

"Uniahidi."

Akaahidi.

Wasifu wa mama yake, wa kusomwa siku ya mazishi, Maxine aliuandika kwa siku mbili, nyuma ya karatasi za oda, huku akipasua samaki. Sentensi moja, ile ya Doreen, ilijaza ukurasa mzima bila kituo hata kimoja. Adrian alipokuja jioni ya Jumatano akaikuta mezani.

"Nipe nikuchapie," akasema. "Herufi kubwa, usije ukapotea ukianza kulia. Na kule ukumbini wametupa dakika tano tu za wasifu, familia nyingine inaingia saa tano kamili."

"Kuchapa tu?"

"Kuchapa tu, malaika wangu."

Uongo. Labda mwenyewe hakujua kuwa ni uongo, maana mkono wake ulishazoea, ukiona sentensi hauulizi ni ya nani. Lakini uongo ni uongo, na mimi sina haja ya kumtetea.

Alhamisi, katika ukumbi ule wanakochomea maiti, Maxine alisimama mbele ya watu na gauni jeusi alilolinunua juzi yake, kola inamkata shingo, akafungua bahasha aliyopewa na Adrian. Hakuwa ameisoma. Nani anasoma tena maneno yake mwenyewe asubuhi ya kumuaga mama yake?

Sentensi ya kwanza akaona si yake. Ilikuwa nzuri, laini, inapanda na kushuka vizuri kama ngazi. Ya pili pia. Ukumbi ukanyamaza, mjomba wake akatoa leso. Akaendelea. Akafika pale pa miezi minane, na pale pameandikwa: "Aliugua kwa ujasiri na akaaga kwa amani, akiwa amezungukwa na familia iliyompenda na majirani wema waliomjali."

Majirani wema. Basi.

Doreen alikuwa mstari wa tatu, amevaa kofia ya zambarau ambayo Brenda alikuwa akiipenda, mikono juu ya pochi. Alikuwa ameinua uso kidogo, vile mtu anavyoinua akijua zamu yake imefika. Maxine alimuona. Akamuona akingoja, akamuona akielewa, kisha uso ukashuka. Na Maxine akasoma sentensi iliyofuata.

Kwenye chai ya matanga, juu ya baa ya mtaa wao, sandwichi zilipangwa na kiti cha Doreen kilikuwa kitupu. Shangazi wawili wakamkumbatia Maxine wakasema hawajawahi kusikia wasifu mzuri namna ile. Akashuka ngazi, akamkuta Adrian uani amesimama na kikombe.

"Yuko wapi?" Maxine akamuuliza.

"Nani?"

"Anti Doreen. Kwenye karatasi yako yuko wapi?"

Adrian akaweka kikombe juu ya ukuta. "Maxine, ile sentensi ilikuwa na maneno mia moja na arobaini. Ungekata pumzi katikati. Nilihifadhi maana yake."

"Ulihifadhi nini?"

"Maana. Wazo kuu."

"Mama yangu hakuogeshwa na wazo kuu." Alikuwa hapigi kelele, na hilo lilimtisha Adrian zaidi. "Aliogeshwa na Doreen Hepworth. Wewe umekula kwenye ile nyumba Jumapili zote, umemuona anapanda ngazi na lile goti lake, ukakaa chini na kalamu yako ukamtoa. Ondoka mbele yangu. Sitaki hata kukuona mgongo."

Akaondoka. Kesho yake Maxine alikwenda kugonga kwa Doreen. Mlango haukufunguka. Sauti ikatoka kupitia tundu la barua la mlangoni.

"Sina neno na wewe, mwanangu. Nimechoka tu."

"Anti, si mimi. Ni Adrian alibadilisha, mimi sikujua."

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

Maxine akashuka kibarazani. Alirudi nyumbani na hasira maradufu, na hasira hiyo yote akamtupia Adrian, maana ndiye aliyekuwa rahisi kutupiwa. Simu zake hakupokea. Ujumbe wake alifuta bila kusoma. Sokoni alikata vichwa vya samaki kwa nguvu mpaka wateja wakawa wanasogea nyuma.

Wiki ya pili, kwenye ukurasa wa vifo wa gazeti la mji, likatoka tangazo la shukrani kwa jina la familia ya Oldroyd. Lilimtaja Doreen kwa jina lake lote. Lilikuwa mistari minne, limepimwa, halina neno la kuongeza wala la kupunguza. Safari hii Maxine ndiye aliyepiga simu.

"Nani kakwambia uandike?"

"Nilidhani nitakuwa nimelipa..." Adrian alishusha pumzi. "Nimemtaja, Maxine. Mji mzima umeona."

"Umemtaja kwa jina la familia yangu. Umejificha nyuma yangu tena. Hivi wewe, Adrian, umewahi kusema kitu kikiwa kibichi? Kikatoka tu, kibaya, chako?"

"Sijui kusema hivyo."

"Basi jifunze. Yule mama anakaa namba kumi na nne, unapajua. Una mdomo. Usiponyanyua mguu kwenda pale, usinipigie tena mpaka nife, na nikifa usiniandikie kitu."

Akakata simu. Alikaa chini jikoni akalia kwa hasira, kisha akalia kwa mapenzi, maana alimpenda yule mjinga, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Ikapita Jumapili moja. Jumapili iliyofuata, saa tisa mchana, simu ikaita. Ni Doreen, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Njoo umchukue mtu wako."

"Yuko kwako?"

"Ana dakika ishirini kasimama jikoni kwangu. Alikuja na karatasi, nimemnyang'anya nikaiweka chini ya birika. Sasa hana la kusema, anafungua mdomo na kufunga tu."

Maxine alikwenda mlango wa pili na kandambili, bila koti. Akamkuta Adrian amesimama katikati ya jiko lile dogo, koti limelowa mvua, masikio mekundu, mikono hajui aiweke wapi. Doreen alikuwa amekaa mezani, mguu mbovu juu ya kigoda. Hakumkaribisha Maxine kukaa.

"Haya," Doreen akamwambia Adrian. "Na huyu kaja. Sema."

"Bi Doreen, mimi, ile siku..." Akakwama. Akaanza tena. "Nilijua ni wewe. Sikusahau. Ningesema nilisahau ingekuwa nafuu. Nilisoma jina lako nikaona sentensi inaelemea upande mmoja, na majirani wema inakaa vizuri pale, inasikika vizuri, nikakutoa, na nikafurahi, nikasema sasa imekaa, halafu nikaenda kulala. Wewe unamwaga beseni, na mimi nakuja Jumapili nakula viazi, sijabeba hata sahani, na bado nikaona ninayo haki ya... Nakuomba radhi. Sijui nimalizie vipi. Haina mwisho."

Doreen alimtazama. "Mbaya hiyo," akasema. "Imepinda kote. Lakini nimeisikia." Kisha akamgeukia Maxine. "Na wewe?"

Hapo ndipo hasira yote ya wiki tatu ilipokosa mahali pa kwenda. Maxine aliegemea friji.

"Nilikuona, anti," akasema. "Nilikuona unaningoja. Jina lako lilikuwa hapa kwenye ulimi, nilichotakiwa ni kuinua macho kwenye karatasi nikuite. Lakini watu walikuwa wametulia, kile kitu kinasomeka vizuri, nikaona aibu kukivunja. Nikapita. Si yeye tu. Na mama nilimwahidi."

"Najua ulimwahidi. Nilikuwa chumbani, nakunja shuka."

Maxine akafunika uso. Doreen akagonga meza kwa kidole.

"Usilie, mimi sijakuita ulie. Sema ulichoandika. Sasa hivi. Kile chenyewe."

"Karatasi yangu sinayo."

"Nani kaomba karatasi?"

Maxine akafuta pua na mkono wa sweta, akasema, sauti inakatika: "Na Doreen Hepworth wa namba kumi na nne, ambaye si ndugu yetu na hakuna aliyemuomba, alikuja asubuhi ya kwanza akasema nimeleta supu na hakuondoka tena, akamwogesha mama yangu na kumchana nywele na kugombana naye juu ya dirisha kama lifunguliwe au lifungwe, na siku mama alipompiga kofi alisema huyu bado ana nguvu, tutafika Pasaka, na tukafika Pasaka, na kama mama yangu alikufa akiwa msafi na akiwa amecheka wiki ile ile ni kwa sababu ya mwanamke huyu mmoja, na mimi sina la kumlipa, na mama alitaka mjue wote."

Adrian alikuwa anatazama sakafu, machozi yanadondoka kwenye viatu vyake.

Doreen alivuta pumzi. "Tuligombana kweli juu ya lile dirisha," akasema, kisha akainuka kwa shida kwenda kuwasha birika, mgongo kawapa, mabega yanatikisika. Hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Maxine akatoka kibarazani kupata hewa. Adrian akamfuata, akasimama hatua moja nyuma.

"Bado nina hasira na wewe," Maxine alimwambia bila kugeuka.

"Najua."

"Hata kesho nitakuwa nayo."

"Nataka niwepo kesho. Na keshokutwa. Nataka tuoane, Maxine, sikupanga kusema, sina hata pete, na nimelisema vibaya."

"Umelisema vibaya sana." Akageuka, akamtazama yale masikio yake mekundu. Alitamani kumzaba kibao, akamshika skafu badala yake. "Sitakujibu leo. Leo nina mama wa kumlilia na huyu wa kumwomba radhi. Lakini usinirudishie hilo swali limenyooshwa. Nalitaka hivyo hivyo lilivyo."

"Nyinyi wawili," Doreen akaita kutoka ndani, sauti nzito kwa kilio. "Mlango unaniingizia baridi na goti langu hili. Ndani au nje, moja."

Maxine akamvuta kwa skafu, wakaingia ndani.