Viti vya Watu wa Kazini

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kazi hakijalia, Msukaji alilisuka shirika upya.

Wafanyakazi wa Shirika la Maji ya Ukungu walisimama uani, kila mmoja na beji ya kioo kwenye kola, wakingoja iwake. Msukaji, ambaye alikuwa mashine tu wala msimdhanie mtu, alikuwa ameshausoma upepo juu ya milima ya Mpwapwa, matangi ya kila kijiji, hata nani amelala vizuri na nani amekesha. Kisha rangi ziliwaka. Wenye kijani walikwenda kupandisha maputo yanayobeba nyavu za kukamua ukungu. Wenye nyekundu walikimbilia bomba lililopasuka. Jioni rangi zilizimika na vikundi vikavunjika. Kesho yake ungejikuta na watu wengine kabisa.

Sekunda Ndahani, mkurugenzi, alitazama kutoka ngazini. Yeye ndiye aliyemleta Msukaji. Zamani shirika lilikuwa zito kama gari lililokwama topeni: ombi la spana moja lilizunguka meza hadi meza, huku kijiji kikinywa maji ya madimbwi. Sekunda akafuta idara, akafuta wakuu wa idara, akafuta mihuri. Maji yakafika. Kazi yake mwenyewe ikabaki kuondoa vikwazo na kukaa pembeni, na viongozi wa miji mingine walifunga safari kuja kujifunza namna ya kukaa pembeni. Alibobea hasa. Kuna siku alirudi nyumbani bila kumwambia binadamu yeyote neno zaidi ya "karibuni". Beji yake ilikuwa nyeupe daima, maana hakuwa na kikundi.

Asubuhi hiyo, uani, aliona beji nyeupe nyingine.

Ilikuwa kwenye kola ya Yoeli Chilewa, fundi wa nyavu, mtu ambaye Sekunda alimkuta shirikani siku alipoajiriwa. Wenzake walikuwa wameshatawanyika, naye amesimama peke yake kando ya tangi.

"Shikamoo, mzee Chilewa. Beji imeharibika?"

"Marahaba. Haijaharibika. Nimepewa mapumziko."

"Sasa mbona uko kazini?"

"Nimefiwa, mkurugenzi. Mke wangu, Debora. Tumemzika juzi."

Sekunda alikosa pa kuweka mikono. "Pole sana, mzee wangu. Mbona hatukuambiwa?"

"Msukaji nilimwambia. Akanipa pole, akanipa na ruhusa palepale. Zamani kupata ruhusa ya msiba ilikuwa shughuli. Siku hizi ni rahisi mno." Alisema bila kejeli. "Nyumbani nimeshindwa kukaa. Huku angalau kuna watu."

Hakuna aliyegundua kwamba hayupo. Asiyeonekana alidhaniwa amesukwa kwingine, basi, maisha yakaendelea.

"Nilidhani mtakuja," mzee alisema.

Sekunda alikumbuka msiba wa mama yake. Idara nzima ya Nyavu, alikofanya kazi wakati huo, ilifika kwao Kongwa kwa basi la shirika, na Chilewa alivua koti akasonga ugali wa watu wote, jasho likimtiririka. Hakuna aliyewapanga. Walikuja kwa sababu ilikuwa haiwezekani wasije.

Alirudi ndani akasimama mbele ya ukuta ambamo Msukaji alisemea.

"Nataka kikundi kiende kwa mzee Chilewa."

"Kazi ya kikundi ni ipi?"

"Kukaa naye."

"Maziko yamekwisha, na chakula kipo. Nitajuaje kwamba kazi ya kukaa imemalizika?"

Sekunda aligeuka kutazama uani, mzee alikokuwa bado amesimama.

"Ukungu wa leo ni mzito kuliko wa mwezi mzima," Msukaji aliendelea. "Nikitoa watu sasa, kijiji cha Ilolo Juu hakitapata maji. Nifanye hivyo?"

Mashine ile haikuwa na tabia ya kudanganya. "Usifanye," Sekunda alisema. "Nitakwenda mwenyewe."

"Sawa. Wewe huna kikundi. Hutapunguza kitu."

Msukaji alisema kwa upole, kama alivyofundishwa. Sekunda alitoka haraka kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na hakutaka kulia mbele ya ukuta.

Walikwenda kwa miguu, mzee mbele, yeye nyuma. Nyumbani, turubai lilikuwa bado limefungwa uani. Majirani walikuwa wamerudi kwenye shughuli zao. Chini ya turubai, viti vyeupe vya plastiki vilipangwa safu kwa safu, vyote vitupu, vumbi limeanza kutua.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya watu wa kazini. Nilivikodi. Niliwaomba majirani wakae mkekani, ili basi la shirika likifika wageni wasisimame."

Sekunda alitaka kukaa. Mzee alimtazama.

"Samahani, mama. Umekuja kama nani? Ulikuwa mwenzangu wa idara. Baadaye ukawa mkuu wangu. Kisha ukatuambia hakuna idara, hakuna mkuu. Sikulaumu, maji yanafika. Nauliza ili nijue nikupokeeje."

"Sijui," Sekunda alisema, na sasa alilia waziwazi. "Sijui, mzee wangu. Hata mimi nikifa leo, sijui nani atakuja."

Chilewa alifuta kiti kimoja kwa mkono wa shati, akamsogezea. Naye akakaa pembeni yake. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha turubai kikahama.

"Debora hakujua kwamba idara haipo tena," mzee alisema hatimaye. "Tangu miguu imkatae alikuwa hatoki. Kila jioni ananiuliza, leo umefanya kazi na nani? Mimi majina siyajui, vijana wanabadilika kila siku. Nikawa namtajia ninyi wa zamani. Leo nilikuwa na Mazoya. Leo Sekunda katuchekesha. Anacheka, analala."

"Mimi?"

"Wewe hasa. Ulikuwa na maneno sana wakati ule." Alitabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Alipozidiwa aliniambia, baba, kodi viti vya kutosha. Sekunda na wenzake wakija wasikose pa kukaa."

Sekunda aliinamisha kichwa.

Alasiri mwenye viti alifika na mkokoteni unaojiendesha. Sekunda alisaidia kuvibeba, akivipanga kimoja juu ya kingine, hadi vikabaki viwili walivyokuwa wamevikalia. Mwenye viti alinyoosha mkono.

"Hivi viache," mzee Chilewa alisema.

"Mpaka lini?"

Mzee alimgeukia Sekunda, akasubiri yeye aseme.

"Viache tu," Sekunda alisema, akakaa.