Risasi Moja Hewani

Alhamisi, saa kumi jioni.

Chumba cha nyuma cha duka la vipuri kilinuka oili chafu. Mkuu wa genge alijiita Mheshimiwa kwa sababu ya suti moja iliyochakaa viwiko. Alichora ghala la ushirika kwa chaki juu ya kifuniko cha pipa.

"Ruzuku ya serikali kwa wakulima," alisema. "Pesa taslimu. Karani wa kulipa ni shemeji yangu. Mlango wa nyuma atauacha wazi."

Shemeji huyo alikuwa amewazungusha wakulima misimu miwili, njoo kesho, njoo kesho. Sasa alitaka kula hata pesa zilizofika. Mtu wa kutemewa mate.

"Askari?" aliuliza Nyundo, aliyepewa bunduki kwa kuwa kufikiri kulimshinda.

"Mmoja. Nimeshamnunua."

"Na watu wa foleni?"

Mheshimiwa alicheka. "Wale washamba? Piga risasi moja hewani. Watatawanyika kama kuku."

Dereva wao, Gia, aliinua kichwa. Alizaliwa kijiji hichohicho chenye ghala. "Mkubwa, mama yangu atakuwa kwenye foleni hiyo. Akizikosa na safari hii, shamba linachukuliwa."

"Mwambie abaki nyumbani."

"Twende kwingine, basi."

"Kazi yako usukani. Mdomo umepewa na nani?"

Nyundo akaangua kicheko. Gia akaumeza uchungu wake, akauliza jambo moja tu. "Risasi itapigwa hewani kweli?"

"Hewani. Nipoteze risasi kwa washamba?"

Gia akatoka kwenda kutia gari mafuta.

Ijumaa, saa nne asubuhi.

Gari lilinguruma nyuma ya ghala. Gia alimwona mama yake mwanzoni mwa foleni, ameketi juu ya ndoo, jembe mapajani.

Ndani, karani alijilaza sakafuni kabla hajaguswa. Hata kuigiza hakujua. Mheshimiwa akabeba mfuko, wakatoka. Nyundo akainua mtutu, akafyatua.

Foleni ilikimbia kweli. Ilikimbia kuwafuata wao.

Kule, nguruwe pori wakiingia shambani, mlinzi hupiga risasi moja hewani, na kila mwenye jembe hukimbilia mlio ulikotoka. Asiyekwenda husemwa mwaka mzima. Mtoto wa kule hulijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo. Wengine walikuja kutoka mashambani, matope hadi magotini. Walipoona mfuko, hawakuhitaji kuelezwa. Nyundo aliangusha bunduki, akaanza kulia.

Mheshimiwa alifika garini. Mlango ulikuwa umefungwa, injini imezimwa.

"Fungua! Ulijua, mbwa wewe! Mbona hukusema?"

"Kazi yangu usukani, Mkubwa."

Wakamshika, na suti ikararukia mikononi mwao. Karani aliinuliwa kwa kola, akaketishwa mezani, akaambiwa aanze kulipa.

Mama alifika kwenye dirisha la gari, anahema. Alimtazama mwanawe, kisha usukani.

"Umekuja nao?"

"Nimekuja nao, Mama. Lakini nili..."

"Shuka."

Gia akashuka. Mama alimwelekeza kwa mpini wa jembe pale wenzake walipopigishwa magoti. Gia akapiga magoti pembeni ya Nyundo, machozi yakimtoka.

Kisha Mama akarudi haraka kwenye ndoo yake, asije akapitwa.