Mlango Uliopimwa

Fundi cherehani alimaliza kumvalisha mama yake. Gauni lilikuwa safi na nywele zimesukwa. Kiti cha magurudumu kilisimama mlangoni, matairi yamejaa upepo. Ilikuwa siku ya kupima presha.

"Mama, twende. Foleni itakuwa ndefu."

"Nenda wewe. Mimi siendi."

"Huendi kivipi? Dawa zimebaki za siku mbili."

"Basi zitaisha. Sibebwi tena kama gunia la mkaa."

Fundi aliijua sababu. Zahanati ya mtaa ilikuwa na ngazi tano mlangoni. Mwezi uliopita wanaume wawili walimbeba mama juujuu. Gauni likapanda, kiatu kimoja kikadondoka topeni. Dada mmoja aliyekuwa kwenye foleni alikiokota, akakifuta kwa kitambaa chake na kumvisha mama. Mama alishukuru. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alilia.

Fundi alikwenda zahanati peke yake.

"Nitampimaje presha mtu aliye nyumbani?" muuguzi aliuliza. Halafu akamwona Fundi machozi yanamlenga. "Haya, mlete. Nitashuka na kipimo changu mpaka chini ya ngazi. Lakini hiyo si dawa ya siku zote." Mama akakubali, akapimwa pale chini.

Fundi alikuwa katibu wa klabu ya huduma ya pale mtaani. Ilikuwa na wanachama kumi na wanane. Walichangia damu na kusafisha mitaro, na mwaka uliopita walipanda miti shuleni kwa ruzuku ndogo. Ruzuku ni fedha za msaada ambazo hazirudishwi, ila lazima zifanye kazi iliyoombewa.

Fundi aliwaomba wenzake watengeneze njia ya mteremko pale zahanati, ili viti vya magurudumu vipande. Wote waliitikia.

"Tuanze wenyewe!" alisema mwenyekiti. Alikuwa kinyozi, mtu mwema, ila maneno hayakumwishia. "Wenye mfuko wa ruzuku wakiona tumeanza, watajua sisi si watu wa mchezo. Watatumalizia."

Wakapanga mawe, wakamwaga saruji, ndipo wakaandika maombi. Baada ya wiki sita barua ikarudi. Maombi yamekataliwa. Kazi imeshaanza, na tena klabu haijastahili kuomba.

"Haijastahili!" kinyozi alifoka, wembe mkononi. Mteja aliyekuwa kitini akajikunyata. "Na jasho lote lile?"

Fundi aliichukua barua akaenda kwa jirani yake, Bi Mihuri. Watu walimwita hivyo kwa sababu aligonga mihuri posta miaka thelathini. Klabu yake, ya mtaa wa pili, ilikuwa imepata ruzuku mara tatu. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Mwanangu, hapa hamjafukuzwa. Mmeambiwa mjipange, mrudi. Kwanza klabu yenyewe istahili. Mradi unafuata."

"Sisi tulianza na mradi."

"Nyinyi mlianza na saruji!" Wote wawili wakacheka. "Haya, niambie. Ripoti ya ile miti mlipeleka?"

"Tulifanya sherehe ya kukabidhi. Mwalimu mkuu alitoa hotuba nzuri sana."

"Wenye mfuko walikuwepo?"

"Hapana."

"Basi wao hawajui kama mlipanda miti au mlikula biskuti. Andikeni mlipanda mingapi, mingapi imeshika, fedha zilitumikaje. Ambatanisheni stakabadhi. Bila ripoti ya zamani, mlango wa ombi jipya haufunguki. Halafu kila mwaka wanachama wawili waende semina ya ruzuku. Na mwenyekiti atie saini makubaliano, pamoja na yule atakayempokea uongozi."

"Mwenyekiti wetu na semina, Bi Mihuri! Hakai kimya dakika tano."

"Mwambie kuna muda wa maswali."

Fundi alicheka, lakini jambo moja lilimkera. "Kwa nini hawalipii kazi iliyoanza? Si tumewapunguzia mzigo?"

"Mteja akikuletea gauni lililokwisha kukatwa, utakubali lawama likimbana?"

"Sikubali. Nataka nimpime mwenyewe kabla ya mkasi."

"Na wao ni hivyohivyo. Hebu niambie, mteremko wenu nani aliupima?"

Fundi aligusa utepe uliomning'inia shingoni. Hakuna aliyepima.

Asubuhi iliyofuata alikipima kiti cha mama kwa utepe wake wa kushonea. Kisha akaenda zahanati, akaupima mlango wa mbele. Akarudia. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko kiti kwa vidole vinne.

"Nilishangaa," muuguzi alisema. "Mlikuja na mawe, hamkuniuliza. Hapa viti havipiti. Mlango wa pembeni ndio mpana."

Fundi alikaa kwenye ngazi, akashusha pumzi ndefu. Kumbe ile barua iliyomuudhi ndiyo iliyowaokoa. Wangemaliza njia nzuri ya kumfikisha mama kwenye mlango asioweza kupita.

Klabu ikaanza upya. Ripoti ya miti ilipelekwa, na mitano iliyokauka ikatajwa bila kufichwa. Fundi na kinyozi walikwenda semina. Kinyozi aliuliza maswali kumi na moja. Makubaliano yakatiwa saini, na jibu likaja kwamba sasa klabu inastahili.

Ndipo wakaandika maombi mapya. Muuguzi aliandika barua ya kueleza shida yenyewe na kuahidi kuitunza njia. Mwashi alichora mchoro wenye vipimo. Maduka mawili yalitoa bei kwa maandishi. Moja lilikuwa la kaka yake kinyozi.

"Nisipotaja kwamba ni la kaka?" kinyozi aliuliza.

"Taja," Fundi alisema. "Na siku ya kuchagua duka, wewe usipige kura."

Kuhusu kazi ya kwanza, waliandika ukweli kwamba walikosea, na kwamba mawe watayaondoa wenyewe. Kinyozi ndiye aliyeshika nyundo wa kwanza. Maombi yalipelekwa wiki mbili kabla ya siku ya mwisho.

"Mikono inaniwasha," kinyozi alilalamika kila alipopita pale.

"Ikune," Fundi alimjibu. Hakuna aliyegusa koleo mpaka barua ilipofika. Safari hii waliandikiwa ndiyo. Fundi aliisomea palepale kwenye cherehani, akalazimika kuiweka kando isilowe machozi.

Njia mpya ya mlango wa pembeni ilipokauka, mama alitaka avalishwe gauni lake la bluu. Kinyozi alikuwa anamngoja pale zahanati.

"Shikamoo, mama. Nikusukume?"

"Marahaba. Ukinigusa nitakunyoa mimi."

Mama alishika magurudumu. Alipanda polepole. Katikati akapumzika, akafuta jasho, akaendelea. Foleni yote ilimgeukia. Yule dada wa kitambaa alikuwepo pia. Aliushika mlango wa pembeni, akaufungua wazi.

Kiti kikapita, na nafasi ikabaki huku na huku.

Mama aliinama akatazama miguu yake. Viatu vyote viwili vilikuwepo.

"Haya, muuguzi," alisema. "Nipime. Leo nimekuja mwenyewe."