Jumanne Kumi na Saba

"Marit, umenitupa tena Jumapili asubuhi! Mchungaji nimwambie nini sasa?"

"Mwambie unalisha wazee, Ardis."

"Nibadilishie basi, mwanangu. Jumapili moja tu."

"Nitaangalia mahitaji ya kazi."

"Hilo jibu lako utazikwa nalo!"

Watu waliojazana mbele ya ubao wakaangua kicheko. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu katika nyumba ile ya wazee pale mjini Fergus Falls ni siku ya ratiba ya penseli. Marit Haugen, mpanga zamu, hubandika ratiba ya wiki inayofuata ikiwa kwa penseli ili kila mtu aje alalamike. Alhamisi saa nane mchana huiandika upya kwa wino. Ikishaingia wino haiguswi, hata ufiwe na paka.

Ila wiki hii kulikuwa na miraba miwili iliyokuwa na wino tangu Jumatatu. Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, kwenye mstari wa Marit na kwenye mstari wa Wade Torkelson, kulikuwa na neno moja: HARUSI.

Marit alikuwa na miaka thelathini na mbili. Wade alikuwa msaidizi wa wauguzi upande wa mashariki, mrefu, mcheshi, bibi vizee wote wa upande ule walimtaka yeye ndiye awafunge viatu.

"Dada Marit." Hiyo ilikuwa sauti ya Brenna, msaidizi mwenzake Wade, binti wa miaka ishirini na miwili. "Jumanne umeniweka kazini?"

"Si ulisema darasa lako limefungwa mpaka tarehe kumi na sita?"

"Ee... ndiyo. Limefungwa."

"Basi Jumanne ya wiki ijayo Ardis anatolewa mtoto wa jicho, nahitaji mtu. Ofu yako nimekupa Jumatano."

Brenna akautazama ubao kwa muda, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Sawa, dada."

Haikupita saa moja Wade akagonga mlango wa ofisi.

"Mpenzi, nina shida ndogo."

"Sema."

"Kliniki wamempigia mama. Wiki ijayo mazoezi yake ya nyonga si Jumanne tena, ni Jumatano. Unaweza kunigeuzia?"

"Sawa, mpenzi."

"Hutaniambia utaangalia mahitaji ya kazi?"

"Hayo ni ya Ardis."

Wade akambusu kwenye paji la uso, akatoka akipiga mluzi. Marit akachukua kifutio, akafuta, akaandika.

Hapa, binti unayesoma, simama kidogo. Mwanamke aliyemnyima Ardis, bibi wa miaka sitini na mitatu, Jumapili moja ya kwenda kanisani, ndiye huyo huyo aliyefuta na kuandika bila kuuliza hata swali. Sheria ya nyumba ile ilisema kila upande apumzike mtu mmoja tu kwa siku. Tangu Februari, kila Jumanne, upande wa mashariki walikuwa wakipumzika wawili: Wade kwa ajili ya nyonga ya mama, Brenna kwa ajili ya darasa la uuguzi. Na pengo la wote wawili nani aliliziba? Marit. Kila Jumanne alivua viatu vya ofisini, akavaa sare, akalisha, akaosha, akageuza wazee vitandani, kisha jioni akarudi kwenye makaratasi yake huku mgongo unamuuma. Akijiambia kwamba ndivyo mapenzi yalivyo.

*

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Marit alikuwa ndani ya sare, anamlisha uji mzee Palmer, mkulima mstaafu aliyekuwa hasemi zaidi ya maneno matatu kwa siku. Mkuu wa nyumba akapita mlangoni.

"Marit, wa zimamoto wamesogeza mafunzo. Sasa ni Jumatano ijayo. Ambao hawajayafanya lazima wawepo."

Upande wa mashariki hakuwa amebaki mwingine ila Brenna. Marit akatoa simu mfukoni, akamwandikia:

*"Brenna, Jumatano kuna mafunzo ya moto, lazima uwepo. Ofu yako nimeihamishia Alhamisi."*

*"Sawa dada,"* likaja jibu.

Marit akarudi kwenye uji. Ubaoni bado hakuwa amegusa kitu, na hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote. Vijiko kama sita hivi vikaingia, simu ikatetemeka tena. Ilikuwa Wade.

*"Mpenzi samahani sana. Kliniki wamepiga tena, Jumatano daktari hayupo. Mama kahamishiwa Alhamisi. Naona hata aibu kukusumbua. Nakupenda."*

Kijiko kikabaki hewani.

"Uji," alisema mzee Palmer.

"Samahani, mzee wangu."

Akamaliza kumlisha. Akamfuta kidevu, akamrekebishia mto. Kisha akaenda ofisini, akafunga mlango, akateremsha faili la ratiba za zamani. Huwa zinatunzwa kwa ajili ya wakaguzi wa jimbo. Akaanza kufunua moja moja, kidole kikishuka kwenye safu ya Jumanne.

Torkelson, ofu. Brenna, ofu. Haugen, zamu mbili.

Torkelson, ofu. Brenna, ofu. Haugen, zamu mbili.

Wiki ya theluji kubwa ya Machi, chuo kilipofungwa kwa siku tano, Brenna alikuwa ameomba ofu vilevile. Wiki ambayo Brenna alibadilishana na Ardis akapumzika Ijumaa, nyonga ya mama yake Wade nayo ilikuwa imehamia Ijumaa. Marit akakumbuka alivyosema siku ile, "Hiyo kliniki haina mpangilio kabisa."

Jumanne kumi na saba, zote kwa mwandiko wake.

Hakulia. Alichukua simu, akamwandikia Brenna, Brenna peke yake:

*"Samahani, nimekosea. Ofu yako itakuwa Jumatatu."*

Akaiweka simu mezani, akatazama saa ya ukutani. Dakika nne. Dakika tano.

*"Mpenzi utanichukia leo,"* aliandika Wade. *"Ni Jumatatu sasa. Hawa watu wa kliniki wana wazimu."*

*"Sawa, mpenzi,"* Marit akajibu. Kisha akampigia simu mama mkwe wake mtarajiwa.

"Lorraine? Ni Marit."

"Mwanangu! Nilikuwa nataka kukuuliza, zile chapati za viazi za harusini, lefse, nipake siagi na sukari, au niache watu wapake wenyewe?"

"Mama, nyonga inaendeleaje?"

"Nyonga? Nyonga hii jana imerusha matufe ya bolingi!"

"Na kliniki?"

"Kliniki gani tena? Nilimaliza Februari. Yule binti wa mazoezi alinikumbatia akasema hataki kuniona tena pale."

Lorraine alikuwa amelea watoto watatu wa kiume, hakuhitaji kuchorewa picha.

"Marit, kwani Wade hayuko hapo kazini?"

"Leo ni ofu yake, mama."

"Mimi kaniambia Jumanne zote yuko zamu mbili. Nimempikia viazi na nyama ya kusaga, viko kwenye oveni. Kasema atapita akitoka kazini amechoka."

"Basi mpe ale, mama. Usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe."

"Nimemzaa mimi," alisema Lorraine polepole. "Lakini hayo sikumfundisha mimi."

*

Jumatano asubuhi, kabla wazee hawajateremshwa kunywa chai, Marit alimwita Wade ofisini. Juu ya meza alikuwa amepanga ratiba kumi na saba, kama mtu anayecheza karata peke yake.

"Kaa."

"Mbona uso hivyo? Mama yako kabadilisha maua tena?"

"Soma safu ya Jumanne."

Wade akasoma, akacheka kidogo, kisha kicheko kikaishia njiani.

"Mpenzi, hii ni bahati tu. Yeye ana darasa, mimi nina mama."

"Mama yako jana alikuwa anakusubiri na viazi. Nyonga yake inacheza bolingi."

Wade akashusha pumzi. Akajikuna shingoni.

"Umenipeleleza, Marit? Kwa ratiba?"

"Sikukupeleleza. Nilikupangia. Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Kwenye kibanda cha kaka yangu, ziwani."

"Majira ya barafu na majira ya maji?"

"Marit..."

"Nauliza tu. Mimi nilikuwa hapa nambadilisha mzee Palmer nepi, nataka kujua."

"Ningeacha. Naapa. Baada ya harusi ningeacha."

"Ungeacha zamu ya asubuhi au ya mchana?"

"Usinifanyie mzaha! Watu mia na arobaini wanakuja. Babu yangu anasafiri kutoka mji wa Bismarck na kiti cha magurudumu. Utawaambia nini?"

"Kumbe watu umewafikiria."

"Nakupenda wewe. Yule ni... yule ni mtoto, Marit. Hana maana yoyote."

Mlango ulikuwa haujafungwa sawasawa. Brenna alikuwa amesimama pale na trei ya vikombe, na maneno hayo ya mwisho aliyasikia yote.

"Sina maana?"

"Brenna, subiri kwanza..."

"Si uliniambia harusi haipo? Si ulisema mmebaki kama ndugu, mnatafuta tu namna ya kuwaambia wazazi?"

Marit akamgeukia. Hakupandisha sauti.

"Brenna, kadi ya mwaliko si ulipata?"

"Nilipata, dada."

"Uliiweka wapi?"

Binti akatazama vikombe. "Kwenye friji. Niliibandika kwa sumaku."

"Basi kila ulipochukua maziwa uliisoma tarehe. Pelekeni chai, wazee wanasubiri."

"Dada Marit, naomba..."

"Chai, Brenna."

*

Alhamisi saa nane mchana watu walijazana kama kawaida. Marit alibandika ratiba ya wino, akapiga pini nne, akasimama pembeni.

Ardis ndiye aliyekuwa mbele, miwani imeteleza puani.

"Haleluya! Jumapili nimepewa! Wanangu, Jumapili naenda kanisani!"

"Hongera, bibi, umeokoka," mpishi akamtania.

Ardis akaendelea kushusha kidole. Jumanne: Torkelson, asubuhi. Brenna, asubuhi. Haugen, OFU. Akaguna. Tangu Februari hajawahi kuona hilo neno kwenye mstari huo siku hiyo. Kidole kikaenda mpaka Jumamosi, kikasimama.

"Marit."

"Naam."

"Jumamosi umejiandika asubuhi."

"Ndiyo."

"Jumamosi ijayo? Tarehe kumi na nne?"

"Ndiyo hiyo."

Mpishi akashusha kikombe chake.

"Lakini si kulikuwa na... Lilikuwa kwa wino, mwanangu. Wewe mwenyewe ndiye unayesema wino hauguswi."

"Sijaugusa," alisema Marit. "Nimechukua karatasi mpya."

Ardis akageuka, akamwona Wade amesimama karibu na sinki, macho kwenye sakafu. Akamwona Brenna kule mlangoni kabisa, kavaa koti tayari. Akarudi kwenye safu ya Jumanne. Miaka ishirini na sita amesoma ratiba kwenye ubao ule, na hii hakuhitaji mtu wa kumsomea.

"Jumapili yangu chukua," alisema kwa sauti ndogo. "Upumzike."

"Nenda kanisani, Ardis."

*

Keki ilikuwa imeshaagizwa, haikuwezekana kuirudisha. Jumamosi ya tarehe kumi na nne, alasiri, iliingizwa ukumbi wa wazee kwa kigari cha kufulia, ghorofa tatu, nyeupe. Wazee walikula wakaomba tena. Hakuna aliyeuliza ni ya nini, isipokuwa mzee Palmer.

"Nani kaoa?" aliuliza.

"Hakuna, mzee wangu."

"Afadhali," alisema, na hayo yakawa maneno yake yote ya siku ile.

Lorraine naye alikuja. Alivaa lile gauni la buluu alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, na mkononi alibeba sinia la lefse, zimekwisha pakwa siagi na sukari.

"Sikujua nizipeleke wapi," alisema.

"Kaa hapa, mama."

Wakakaa. Marit alikula lefse mbili, ndicho chakula chake cha kwanza cha maana tangu Jumanne ile. Lorraine akamshika mkono chini ya meza, hawakuzungumza habari za Wade. Walizungumza habari za bolingi.

Jumatatu asubuhi Marit alifungua kisanduku cha maombi ya zamu. Kulikuwa na vikaratasi viwili. Cha kwanza kilikuwa na mwandiko wa Wade: *Naomba nisipangwe zamu moja na Brenna.* Cha pili cha Brenna: *Naomba nisipangwe zamu moja na Wade. Tafadhali dada.*

Ardis, jicho moja limefungwa bandeji, alisoma kwa jicho lililobaki akiwa nyuma ya bega la Marit.

"Ehe! Wiki mbili hazijaisha, kibanda cha mapenzi kimeshaungua. Utawapa?"

Marit akachonga penseli. Akapuliza unga wake, akanyoosha karatasi mpya mezani. Akaanza na safu ya Jumanne.

"Nitaangalia mahitaji ya kazi," alisema.