Buti la Sufu Dirishani

Jiko la Bibi Minzifa lilikuwa linanguruma kwa kuni, na ndoo ya maji kando yake ilikuwa inaganda.

"Mama," alisema mkwewe Zilya, akimkumbatia mwanawe mchanga, "haya maji yana wazimu?"

"Ni Februari, na madirisha yote yamekwenda. Ulitaka yachemke?"

Kweli yalikuwa yamekwenda. Asubuhi ile kimondo kilipita juu ya kijiji chao cha Urali, kiking'aa kuliko jua, kikapasuka angani kwa kishindo kilichovunja kila kioo na kumtoa jirani bafuni amevaa povu tu. Fanis, mume wa Zilya, alipigilia mablanketi madirishani, akaenda kutafuta vioo. Alitoka kwa kupitia dirishani kama mwizi wa kuku, maana mlango ulikuwa umekwama.

Minzifa alikuwa na wasiwasi mkubwa zaidi: jini mzee anayeilinda nyumba, akaaye nyuma ya jiko, lazima alikuwa amekimbia kwa hofu. Desturi ya kumrudisha inajulikana. Unatia mkate ndani ya buti la sufu, unasimama kizingitini, unamwita. Kwa kuwa mlango ulikataa, yeye alilitoa buti nje ya dirisha, akamwita.

"Njoo, babu, kwako hapa."

Buti likawa zito. Akalivuta ndani akitabasamu, akalikung'uta nyuma ya jiko.

Sasa nyuma ya jiko ilitoka harufu ya viberiti vilivyoungua, na kitu kikawa kinakwaruza matofali, taratibu, kama kucha juu ya kioo, na kila kilipokwaruza moto uliinama upande ule kana kwamba unanyonywa, na mtoto, aliyekuwa analia tangu asubuhi, akanyamaza, midomo ikawa buluu, na pumzi yake, badala ya kupanda, ikajikokota hewani kama uzi mweupe kuelekea kulekule nyuma.

"Mama," Zilya alinong'ona, "umemwita nani?"

Minzifa alitoa kichwa dirishani akampigia kelele jirani yao Raifa, mwalimu wa Kurani. Raifa ni mnene. Walimvuta ndani kupitia dirishani kama gunia la viazi.

"Ulimtaja jina?" aliuliza, akihema.

"Nilisema babu."

"Dirishani! Siku mbingu imepasuka! Kila jini mzee asiye na kwao amedhani anaitwa yeye!"

"Punguza sauti, anasikia."

"Na asikie. Ng'oeni blanketi, atokee alikoingilia."

"Mtoto ataganda!"

"Anaganda sasa hivi, Minzifa!"

Zilya mwenyewe alilirarua blanketi. Raifa akasoma Ayatul Kursi, na Minzifa, meno yakigongana, akalisogeza buti lenye mkate mpya nyuma ya jiko, hadi likawa zito, zito zaidi, akalitupa nje kwa mikono miwili. Theluji ikafoka. Joto likarudi. Mtoto akalia kama pikipiki, nao wakacheka huku wakilia.

Fanis alirudi na vioo, akavipachika vizuri, akanyoosha na mlango.

"Sasa hapiti hata sisimizi," alijisifu.

Zilya akaliokota buti la pili, lile lililobaki kando ya jiko, alianike.

"Mama, na hili ulilitia mkate?"

"Hapana, mwanangu. Kwa nini?"

Zilya alilipima tena mkononi. Lilikuwa zito.