Pumzi ya Papa Murhula

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Chancelle alimkuta baba yake mbele ya nyumba yao katika mtaa wa Muhumba akiwasha mbabula, jiko lao la makaa. Papa Murhula alipuliza makala kidogo tu, kikohozi kikamkaba, akamsogezea binti yake jiko.

"Malizia, mama," alimwambia Chancelle.

Kwa miaka mingi alikuwa amevunja mawe ya dhahabu katika shimo la mgodi kule Mwenga, na vumbi lake lilikuwa limemjaa kifuani. Siku moja yeye na Chancelle walikuwa wanaenda hospitalini. Mashine ya kupima pumzi ikionyesha kwamba kazi imemharibia mapafu, asingerudi tena shimoni. Kampuni ya mgodi ingempa kazi ya juu, penye hewa safi.

Lakini Chancelle hakuwa na raha. Jioni iliyotangulia alimsikia Tonton Honoré, rafiki wa baba, akimnong'oneza baba: "Ukipuliza yote, batasema uko muzima! Puliza kidogo tu, kisha kohoa sana." Wakacheka. Tangu hapo Chancelle alimtazama baba yake kwa wasiwasi. Je, hata kikohozi cha asubuhi kilikuwa maigizo?

Hospitalini, muuguzi Maman Valérie alimpa baba mrija wa mashine. "Papa, vuta pumzi, kisha upulize mpaka iishe."

Papa Murhula alipuliza, akarudia, akarudia tena. Kwenye kioo cha mashine kila mstari ulikwenda njia yake. Maman Valérie alimtupia jicho la pembeni.

"Papa, pumzi ya kweli hurudi ileile, hata ikiwa dhaifu. Yako inacheza. Nitamwambia daktari kwamba kipimo hiki hakiaminiki."

"Munataka tu kunirudisha mu shimo!" baba alifoka. "Nawajua ninyi!"

Chancelle akamshika mkono. "Papa, puliza sawa vile unapulizaka makala."

Baba alimtazama, akainamisha macho. Halafu akavuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akakohoa hadi machozi. Alipopumzika, akarudia. Safari hii mistari ilifuatana, yote mifupi, yote ya huzuni.

"Sasa nimeona," Maman Valérie alisema kwa sauti ya chini. "Haya mapafu hayatarudi shimoni."

Chancelle alitaka kufurahi, lakini alilia.

Kesho yake asubuhi alikimbilia mbabula kabla baba hajainama. Papa Murhula akaketi kando yake.

"Mwanangu, ugonjwa wangu ulikuwa wa kweli," alisema. "Uongo wangu ndio uliokaribia kuwafanya watu wasiuamini. Usiongeze uongo juu ya kweli, hata ukiwa na hofu."

Makala yakashika moto.